Shangazi, nimeambiwa nitoe milioni 3.2 niende Malawi kujengea watu nyumba, na huku paa la mama limeezuliwa

Shangazi shikamoo. Naomba usinitaje jina maana huku saiti mafundi tunajuana wote.

Mi ni binti wa miaka 25, ni fundi mwashi hapa Dodoma mjini, naishi Nkuhungu. Nilianza kama saidia fundi, nabeba karai la zege kule Iyumbu na baadae Mtumba kipindi serikali imeshahamia huku na kila kona inajengwa, kidogo kidogo nikaanza kupewa mwiko, sa hivi nanyanyua ukuta mwenyewe mpaka kwenye lenta na nalipwa elfu 30 kwa siku kama wanaume, japo siyo kila bosi anakubali mpaka aone kwanza kozi mbili tatu za tofali nilizojenga.

Sasa sababu ya mi kupenda hii kazi ni hii. Yale mafuriko ya mwishoni mwa 2009 kuingia 2010, yale yaliyobeba reli kutoka Kilosa mpaka huku Gulwe, bibi yangu alikuwa anakaa kijiji kimoja huko huko Mpwapwa na tembe lake likalala chini lote, udongo wa paa ukashuka na miti yake. Tulikuwa tunalala darasani mi na mama na bibi. Baada ya miezi kadhaa wakaja wageni wa kujitolea, wazungu wengi na wengine Wakenya, wakajenga nyumba sita pale kijijini na moja akapewa bibi. Nilikuwa darasa la tatu. Kuna mama mmoja mzungu shingo imeiva kwa jua akanipa timazi, ile kamba yenye kichuma ya kupimia kama ukuta umenyooka, niishike, akanionyesha kwa mkono nisubiri mpaka kile kichuma kitulie ndo niseme. Shangazi sijawahi kusahau. Nilisimama pale nimeibana ile kamba hadi vidole vikafa ganzi, nasubiri kitulie.

Mwezi uliopita rafiki yangu akaniunga kwenye grupu la WhatsApp la taasisi inayopeleka vijana nje kujitolea. Wana safari ya Malawi, wanaenda Blantyre kujenga nyumba za watu waliopigwa na kimbunga Freddy, wanaondoka mwezi wa kwanza na kukaa wiki tano. Unatakiwa kulipa milioni 3.2, ndani yake kuna usafiri, chakula, malazi, fulana na cheti. Mwisho wa kulipa ni tarehe 30 mwezi huu wa kumi na hela ikishaingia hairudi. Mi nina milioni 2.4 niliyoweka kwa miaka miwili, iliyobaki naweza kukopa kwenye kikoba. Nimejaza fomu, wameuliza jina, simu, saizi ya fulana na nitalipa kwa mafungu mangapi.

Tatizo ni nyumbani. Bibi alishafariki, mama ndo anakaa kwenye ile nyumba tuliyojengewa. Mwezi wa nane huu kuna upepo ulipita jioni ukaezua paa upande mmoja, bati na kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikaenda kuangukia zizi la jirani. Mama amefunga turubai chumbani, analala sebuleni. Kaka yangu aliposikia habari ya Malawi akanipigia simu usiku anafoka, unaenda kuwajengea Wamalawi na mama yako yuko chini ya turubai, wewe ni mtu kweli? Nililia sana. Ila mama mwenyewe ananiambia nenda mwanangu, hii nyumba tulijengewa na watu ambao hatuwajui, na wewe nenda ukajengee wengine, mi nitakaa tu.

Mafundi wenzangu nao wanasema kujitolea nje ni mambo ya wazungu, sisi wa kusaidiwa tunaendaje kusaidia. Shangazi niambie ukweli, niende au nisiende? Sitaki kuwa mtoto mbaya ila pia sitaki kuiacha hii ndoto maana naidai tangu nikiwa na miaka tisa.

Fundi wa Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu, mbukwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya pili nikiwa nimekaa nje na daftari. Kabla sijafika kwenye niende nisiende nianze na hao wenzako wa saiti, maana hilo neno lao limeniuma. Kujitolea siyo mali ya mtu wa rangi fulani. Freddy ilipopiga Malawi Machi 2023, Tanzania ilipeleka unga, mahema, mablanketi na helikopta za jeshi. Na Desemba mwaka huo huo tope la mlima Hanang liliposhuka Katesh, watu walitoka Singida, Babati, Arusha na hapa kwetu, wengine na chepe tu mkononi. Mi mwenyewe nilikuwepo, nilienda na kina mama wenzangu wa jumuiya tumebeba marobota ya nguo. Kufika pale nikaona rundo la nguo limeshakuwa kubwa kuliko gari, kuna makoti mazito na viatu vya kisigino kirefu, na pembeni yake kuna baba anatoa tope ndani ya duka lake kwa sufuria ya kupikia kwa sababu hana chepe. Tope lilikuwa limekauka ukutani limeacha mstari usawa wa kifua changu. Nikaweka robota chini nikaenda kutafuta chepe. Hilo lilinifundisha kuuliza kabla ya kubeba, na nitakuja kwalo tena kwenye hii ya kwako.

Kwa hiyo moyo wako uko sawa kabisa, na mama yako amesema neno kubwa, lishike.

Sasa kwenye barua yako kuna vitu viwili umevipita haraka haraka kama mtu anayeruka dimbwi, na vyote viwili mtu wa kuviona ulikuwa wewe, kwa sababu ni vya ufundi. Nianze na mwezi wa kwanza. Mwanangu, Malawi mvua zinaanza karibu Novemba zinakwenda mpaka Aprili. Januari ni katikati ya masika yao. We umekaa saiti miaka yote hii, nani anapanga wiki tano za kunyanyua kuta kipindi ambacho tofali zinaloa, mchanga umejaa maji, msingi unachimbwa asubuhi mchana umegeuka bwawa? Kule Malawi nyumba nyingi za watu wa kawaida ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, siyo saruji, kama za vijijini kwetu. Udongo unaloa. Msimu wa kujenga kwao ni kama wetu, kuanzia Mei hivi mpaka Oktoba. Anayejenga kweli anaijua kalenda hiyo kabla hata ya kujua bei ya saruji. Anayepanga safari Januari amefuata kalenda ya kitu kingine, labda likizo za wanafunzi, labda bei ya tiketi. Sisemi ni matapeli, sina ushahidi huo na siwajui. Nasema hiyo safari haijapangwa na mtu wa nyumba.

Na angalia fomu yao. Wamekuuliza saizi ya fulana. Hawajakuuliza unajua nini. We unajua kupiga timazi, kusuka nondo, kujua zege ya nguvu kwa kuitazama ikianguka kutoka kwenye chepe, na hakuna hata mstari mmoja wa kuandika hayo. Fundi anayekwenda msibani kujenga anaulizwa mkono wake unaweza nini, mfuko unakuja baadae.

Kulipa kwenyewe siyo dhambi, nisije nikakupotosha. Habitat for Humanity, ambao wapo tangu 1976 na wanajenga Malawi kwa miaka mingi, wana utaratibu wa wageni kuja kujenga kwa wiki moja mbili na kuchangia gharama zao pamoja na mchango wa mradi. All Hands and Hearts, walioanza baada ya ile tsunami ya Desemba 2004, wao wanakupa chakula na pa kulala bure ukishafika, nauli unajitegemea. Umoja wa Mataifa nao una mpango wa watu wa kujitolea tangu 1970, UNV, wale ndo kabisa wanakupa posho ya kuishi ila wanachagua watu kwa ujuzi na vyeti. Kwa hiyo njia ziko nyingi, na kwenye zote utakuta maandishi: hela inakwenda wapi, bima ni ya nani, nani anakupokea, ukiumwa unapelekwa wapi.

Piga hesabu moja na mimi. Milioni 3.2 ukiigawa kwa elfu 30, ile ya kwako ya kutwa, ni zaidi ya siku 100 za fundi mmoja. Kule Blantyre kuna mafundi. Tena mafundi wengine ni hao hao ambao nyumba zao zilisombwa, na kazi ndo kitu cha kwanza walichokosa. Ukija wewe na wenzako thelathini ambao wengi hawajawahi kushika mwiko, mkajenga bure wiki tano, yule fundi wa Chilobwe, mtaa wa huko huko Blantyre, anakaa pembeni anawatazama, na mkiondoka ukuta wenu anaurekebisha yeye. Mimi nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka 22, nimeyaona haya hapa hapa mkoani kwetu. Kuna kijiji nilipewa niwe nafuatilia nyumba zilizojengwa na wageni baada ya mafuriko, nyumba nzuri, zimepakwa rangi, zina namba mlangoni. Miezi minne baadae nikakuta kila mama amejenga kibanda cha miti na nyasi ubavuni mwa nyumba, moshi umekula rangi yote ya ukuta ule. Hakuna aliyewauliza kuhusu jiko. Kwenye ramani kulikuwa na vyumba viwili na sebule, basi, na watu wanapika kwa kuni. Wakati wa kujenga wale kina mama walikuwepo pale pale kila siku, wanachota maji ya zege.

Sasa kitu cha pili ulichokipita. Paa.

Mwanangu, umeniambia nyumba iliyokufanya uwe fundi ndo hiyo hiyo iliyoezuliwa, ukaandika kama vile ni mambo mawili tofauti, ndoto huku, tatizo la nyumbani kule. Ni kitu kimoja. Wale wageni walikuja kwa upendo, sina shaka, na yule mama aliyekupa timazi alikupa zawadi ambayo mpaka leo inakulisha. Ukuta wao ulinyooka, umesimama miaka 15. Lakini juu hapakufungwa. Siwezi kusema kwa hakika maana sijapanda, ila kenchi mbili nzima nzima kwenda kuangukia zizi la jirani, maana yake hazikuwa zimeshikwa na ukuta. Bati ikichomoka peke yake ni habari ya misumari. Kenchi ikiondoka nayo ni habari ya kwamba ilikaa tu juu kwa uzito wake na misumari miwili ya kuchoma kwa upande.

We unajua, lakini niseme kwa ajili ya wengine wanaosoma. Watu wengi wanafikiri upepo unasukuma paa. Upepo unalinyanyua. Unapita juu unavuta, na ukipata dirisha au mlango wazi unaingia ndani na kusukuma kutoka chini, paa linabebwa kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ndo maana kenchi inatakiwa ifungwe chini, waya mzito au kipande cha nondo kiwe kimezamishwa kwenye lenta kabla zege halijakauka, kitoke juu kizunguke mbao kikazwe. Ndo maana misumari ya bati inatakiwa iwe karibu karibu zaidi kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa, siyo kupigwa sawa nyumba nzima, sababu kingoni ndo upepo unaanzia kufungua. Ndo maana baraza linafaa liwe na kapaa kake peke yake, likienda baraza liende lenyewe lisivute nyumba. Na paa la pande nne linastahimili kuliko la mgongo wa tembo. Serikali ya Malawi wameandika mwongozo wao wa nyumba salama, na wana sababu, wamepigwa na kimbunga Idai 2019, na huyo Freddy aliyezunguka Bahari ya Hindi zaidi ya wiki tano, akapiga Msumbiji, akarudi baharini, akapiga tena ndo akaingia kwao, zaidi ya watu 600 wakafa Malawi peke yake na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Nyumba ya kupewa yule mjane wa Blantyre itapimwa siku ya kimbunga kinachofuata, na siku hiyo wa fulana hayupo, aliyepo ni mjane na fundi wa jirani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausema wote bila kuuficha. Hiyo hela usiilipe. Usikope kikoba. Tarehe 30 ipite tu.

Nenda Mpwapwa wiki hii au ijayo, usingoje zaidi, sisi mvua zetu ni Desemba na tayari tuko Oktoba. Panda juu. Kabla hujang'oa kitu angalia kwa utulivu ilivyofungwa, pale kenchi inapokalia ukuta, kuna lenta kuzunguka nyumba nzima au iliishia juu ya madirisha tu, kuna waya wowote, misumari ilikuwa ya saizi gani, mbao zimeliwa na mchwa au bado. Piga picha na uandike. Na usitengeneze upande ulioezuliwa peke yake! Upande uliobaki ulifungwa na watu wale wale siku ile ile, umebaki kwa bahati. Fungua bati za pembeni, funga kila kenchi. Kama lenta haina cha kushika, toboa ukuta kozi tatu nne chini ya mbao, pitisha waya mzito uzunguke, kaza. Ufundi ni wako hulipi mtu, unanunua mbao, bati, misumari na waya, na kwenye hiyo milioni 2.4 utabakiwa na hela.

Na zile nyumba nyingine tano? Zilijengwa pamoja na ya bibi. Zunguka uwaambie wenyewe, waonyeshe ya mama ilivyofunguka, waje vijana wao washike ngazi waone unavyofunga, ili mwakani wajifungie bila wewe. Kijiji kile ndo kilikupa timazi. Kazi ya kujitolea baada ya maafa unayoitafuta Blantyre ipo pale, imebaki nusu tangu 2010, haijamaliziwa tu.

Kuhusu kaka yako. Amekuumiza na maneno yake yalikuwa makali, ila nasikia ndani yake mtu anayeogopa kwamba mvua zitaanza na yeye hajafanya kitu. Ye mwenyewe amefanya nini tangu mwezi wa nane? Usimuulize hivyo kwa ugomvi. Mpigie umwambie, kaka nakwenda kupaua tarehe fulani, njoo na misumari na mbao za papi, nahitaji mtu wa kupokea bati chini. Mpe kazi. Ndugu wengi wanafoka kwa sababu hawajapewa cha kushika.

Na mama usimwambie umeacha safari kwa ajili yake, atajiona mzigo na neno lake zuri litamgeukia. Mwambie ukweli ulivyo, kwamba unakwenda, ila Januari siyo mwezi wa kujenga.

Maana utakwenda, mi naamini hivyo, na nataka uende vizuri. Ukirudi mjini pitia chuo cha ufundi cha VETA hapa Dodoma uulizie urasimishaji wa ujuzi, wanampima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kurudi darasani miaka, hicho ndo kitakufungulia milango ambayo fomu ya fulana haifungui. Nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu mkoani ujiandikishe kujitolea, wale wakitokea maafa ya hapa nchini wanahitaji watu waliokwisha kufundishwa, siyo wanaofika na marobota kama mimi. Paspoti ni laki na nusu, anza mapema. Halafu tafuta mwenyeji wa kule kule, kanisa, kikundi cha mafundi, shirika linalojenga mwaka mzima, uwaulize mkono wako unahitajika wapi. Wakikujibu tunao waashi wa kutosha ila hatuna wa kufundisha vijana kufunga kenchi, basi umepata kazi yako. Wakikujibu hatuhitaji watu tunahitaji bati, tuma hela ya bati, na hiyo nayo ni kwenda.

Uwaulize pia kiwanja ni cha nani na kama machifu wa pale wameshakubali, nani fundi mkuu na analipwa, na nyumba za mwaka jana ziko wapi mkazione. Kama hawawezi kukuonyesha nyumba ya mwaka jana, acha. Barua ya mwaliko iwe mkononi kabla hujapanda gari, maana kuingia Malawi kutembea Mtanzania hahitaji viza, lakini kujitolea nako ni kazi, mwenyeji wako aulizie kibali kwao mapema usije ukakwama mpakani. Na njia ni basi tu mwanangu, Dodoma, Mtera, Iringa, Mbeya, unavuka mpaka Kasumulu unaingia Karonga, halafu Mzuzu, Lilongwe, mpaka Blantyre. Ni mbali, utachoka mgongo, lakini nauli yake na kulala njiani haikaribii milioni tatu hata kidogo. Lenga Juni au Julai.

Kichewa utaokota kidogo kidogo, na saiti mikono inaongea, we mwenyewe ulifundishwa kwa ishara.

Ukishapanda juu ya nyumba ya mama niandikie umekuta nini pale kenchi ilipokaa, misumari mingapi na kama kulikuwa na waya. Kuna nyumba za namna hiyo na kule nilikokuwa nafanyia kazi, nataka niwapigie kabla ya Desemba.

Shangazi